Dawa za Kisukari: Ipi Hushusha Sukari Tu, na Ipi Hulinda Figo na Moyo?

Mama mwenye umri wa miaka 58 ameishi na kisukari cha aina ya pili kwa miaka 14. Kwa muda mrefu sukari yake ya asubuhi kabla ya kula haikushuka chini ya milimoli 11 kwa lita, ingawa alimeza metformini na glibenklamidi bila kukosa. Kisha, katika kipindi cha miezi michache, kipimo kikaanza kuonyesha 7, halafu 6, halafu 5. Hakubadili chakula wala dawa. Nyumbani ikawa furaha, na jirani akasema ugonjwa sasa umekwisha. Alfajiri moja binti yake akamkuta amelowa jasho, akitamka maneno yasiyoeleweka. Sukari ilikuwa 2.1. Damu iliyopelekwa maabara ilirudi na majibu ya kreatinini ya maikromoli 190 kwa lita.

Mfano huu umetungwa kwa ajili ya kufundishia, lakini mtoa huduma aliyezoea kliniki ya kisukari hatauona mgeni. Kisukari cha mama huyu hakikupona. Figo zilizokuwa zikivunjavunja insulini na kutoa mabaki ya dawa mwilini zilikuwa zimechoka, hivyo insulini na glibenklamidi zikakaa katika damu kwa muda mrefu kuliko kawaida. Namba iliyoonekana kuwa habari njema ilikuwa dalili ya hatari.

Kisa hiki kinafundisha kwamba maswali mawili yanayochukuliwa kuwa moja ni tofauti. Swali la kwanza ni: dawa hii inashusha sukari? La pili ni: dawa hii inamkinga mgonjwa asifikie kusafishwa damu kwa mashine, asipatwe na shambulio la moyo, na moyo wake usishindwe kazi? Dawa inaweza kujibu swali la kwanza vizuri sana na kunyamaza kabisa mbele ya la pili. Makala hii inalinganisha makundi makuu ya dawa za kisukari cha aina ya pili kwa kutumia swali la pili.

Figo na moyo: viungo viwili, hatima moja

Kila figo ina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja. Sukari inapokaa juu kwa miaka mingi, mishipa inayoingiza damu katika vichujio hivyo hulegea na kupanuka, shinikizo ndani ya kichujio hupanda, na kuta zake huanza kupitisha protini ambayo haikupaswa kutoka. Vichujio vinavyokufa huviachia mzigo vilivyobaki, navyo huchakaa haraka zaidi. Wakati huohuo kuta za mishipa ya moyo na ya ubongo hupata madhara yanayofanana. Figo dhaifu hushindwa kutoa chumvi na maji, shinikizo la damu hupanda, na moyo hulemewa. Moyo uliolemewa nao hupeleka damu kidogo kwenye figo. Ndiyo maana wagonjwa wengi wa kisukari wenye ugonjwa wa figo hufariki kwa maradhi ya moyo kabla hata ya kufikia hatua ya kusafishwa damu.

Uharibifu huu hauumi. Mgonjwa anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wa figo zake huku akifanya kazi zake zote. Kwa hiyo hutafutwa kwa vipimo viwili, na kimoja hakitoshi bila mwenzake. Cha kwanza ni kreatinini katika damu, ambayo hutumika pamoja na umri na jinsia kukadiria kiwango cha uchujaji wa figo. Kiwango kilicho chini ya mililita 60 kwa dakika kwa zaidi ya miezi mitatu huhesabiwa kuwa ugonjwa sugu wa figo. Cha pili ni uwiano wa albumini na kreatinini katika mkojo. Uwiano wa miligramu 30 kwa gramu au zaidi, ukirudiwa na kuthibitishwa, ni dalili ya madhara hata kama kreatinini ya damu ni ya kawaida, na ukizidi 300 hatari ni kubwa. Mgonjwa wa kisukari cha aina ya pili anapaswa kupimwa vyote viwili tangu siku anapogunduliwa, na kisha angalau mara moja kila mwaka.

Kwa mama wa mfano wetu, kreatinini ya 190 ina maana ya uchujaji wa takriban mililita 26 kwa dakika. Kreatinini ikisomwa peke yake, bila hesabu hiyo, ukubwa wa tatizo hauonekani.

Kwa nini kushusha sukari pekee hakukutosha

Kwa miongo mingi dawa ya kisukari ilipimwa kwa kigezo kimoja: imeshusha sukari kiasi gani. Mwaka 2007 uchambuzi uliounganisha majaribio mengi ulizua wasiwasi kwamba rosiglitazoni, iliyokuwa ikitumiwa sana wakati huo, iliongeza shambulio la moyo ingawa ilishusha sukari. Mwaka uliofuata Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ikataka dawa mpya za kisukari zithibitishwe kwamba haziudhuru moyo. Majaribio makubwa yaliyofuata yalikusudiwa kutafuta madhara. Kwa makundi mawili ya dawa yalifichua pia manufaa ambayo watafiti wengi hawakuyatarajia kwa ukubwa ule.

Katika kusoma matokeo hayo, mtoa huduma na mgonjwa wakumbuke tahadhari moja. Kusema hatari imepungua kwa asilimia 38 si kusema watu 38 kati ya 100 wameokolewa. Kama vifo vilikuwa sita kati ya watu 100 vikawa karibu vinne, hatari imepungua kwa zaidi ya theluthi, lakini waliookolewa ni wawili. Wawili kati ya mia ni wengi mno hospitali inapohudumia maelfu, ila mgonjwa anastahili kuelezwa namba zote mbili.

Metformini: mkongwe ambaye bado ana nafasi

Katika utafiti mkubwa wa Uingereza uliojulikana kama UKPDS, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 1998, wagonjwa wenye uzito mkubwa waliokuwa wamegunduliwa karibuni walipewa metformini, na shambulio la moyo lilipungua kwa asilimia 39 wakilinganishwa na waliotegemea zaidi ushauri wa chakula. Kundi lililopewa metformini lilikuwa dogo, watu 342, hivyo matokeo hayo hayana uzito sawa na ya majaribio ya baadaye. Hata hivyo dawa hii ni ya bei nafuu, haiongezi uzito, na ikitumiwa peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi.

Haijathibitishwa kwamba metformini inazuia figo kuharibika, na dawa yenyewe hutolewa na figo. Uchujaji ukishuka chini ya 45, dozi hupunguzwa na haishauriwi kuanzishwa upya. Ukishuka chini ya 30, husimamishwa kwa sababu ya hatari ya asidi kujikusanya katika damu. Kwa wanaoitumia miaka mingi, upungufu wa vitamini B12 unapaswa kufikiriwa pale ganzi ya miguu inapozidi.

Salfonilurea: nguvu ya kushusha, uchache wa kinga

Glibenklamidi, glimepiridi na gliklazidi huichochea kongosho itoe insulini. Hushusha sukari upesi na kwa gharama ndogo. Katika jaribio la CAROLINA la mwaka 2019, wagonjwa wapatao 6,000 walifuatiliwa kwa zaidi ya miaka sita, nusu wakitumia glimepiridi na nusu linagliptini. Matukio makubwa ya moyo na mishipa yalikuwa karibu sawa, asilimia 12.0 kwa 11.8. Hilo liliondoa hofu ya muda mrefu kwamba dawa za kundi hili huua moyo. Lakini sukari ilishuka kupita kiasi kwa asilimia 37.7 ya waliotumia glimepiridi, dhidi ya asilimia 10.6 ya wenzao.

Ndani ya kundi hili dawa hazilingani. Mabaki ya glibenklamidi mwilini yana nguvu ya kushusha sukari, nayo hutolewa na figo. Figo zikidhoofika, mabaki hayo hujikusanya, na sukari huweza kushuka tena na tena kwa saa nyingi hata baada ya mgonjwa kupewa glukosi na kuzinduka. Kwa sababu hiyo glibenklamidi haifai kwa mwenye ugonjwa wa figo wala kwa mzee. Gliklazidi, ikitumiwa kwa uangalifu, ni salama zaidi. Mgonjwa aliyeshukiwa sukari akiwa anatumia salfonilurea, hasa mwenye figo dhaifu, asiruhusiwe kurudi nyumbani mara tu anapozinduka. Anahitaji kulazwa na kupimwa sukari mara kwa mara kwa angalau siku nzima.

Vizuizi vya SGLT2: dawa ya sukari iliyogeuka kuwa dawa ya figo

Kila siku figo za mtu mzima mwenye afya huchuja takriban lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu, yakiwa na takriban gramu 180 za sukari. Karibu sukari yote hurudishwa mwilini, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na kisafirishi kiitwacho SGLT2, ambacho hurudisha sukari pamoja na chumvi ya sodiamu. Empagliflozini, dapagliflozini na kanagliflozini hukizuia kisafirishi hiki. Sukari hutoka na mkojo, lakini jambo kubwa zaidi ni la sodiamu. Sodiamu nyingi inapofika mbele katika mirija ya figo, figo hutambua kwamba uchujaji umezidi, na mshipa unaoingiza damu katika kichujio hubana kidogo. Shinikizo ndani ya kichujio hushuka, nacho hupumzika.

Hapo ndipo panapoeleweka jambo linalowashangaza wengi. Figo zikiwa dhaifu, dawa hizi hushusha sukari kidogo sana, kwa sababu sukari inayochujwa ni kidogo, lakini kinga yake kwa figo na moyo huendelea. Anayezipima kwa kipimo cha sukari pekee atadhani hazifanyi kazi na kuzisimamisha kwa makosa.

Ushahidi wake ni mkubwa. Jaribio la EMPA-REG OUTCOME la mwaka 2015 lilihusisha watu 7,020 wenye kisukari na maradhi ya moyo au mishipa. Katika miaka ipatayo mitatu, vifo vya moyo na mishipa vilikuwa asilimia 3.7 kwa waliopewa empagliflozini na 5.9 kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa. Kulazwa kwa sababu ya moyo kushindwa kazi kulipungua kwa asilimia 35. Jaribio la CREDENCE la mwaka 2019, kwa wagonjwa 4,401 wenye kisukari na protini nyingi kwenye mkojo, lilisimamishwa mapema kwa sababu manufaa yalikuwa dhahiri. Kufikia hatua ya mwisho ya ugonjwa wa figo, kreatinini kuongezeka maradufu, au kufa kwa figo au moyo, vilitokea kwa kiwango cha matukio 43 kwa kila wagonjwa 1,000 kwa mwaka kwa waliotumia kanagliflozini, dhidi ya 61 kwa wengine. DAPA-CKD ya mwaka 2020 na EMPA-KIDNEY, iliyotangazwa mwishoni mwa 2022, zilithibitisha kinga hiyo hata kwa wenye ugonjwa wa figo wasio na kisukari.

Miongozo ya kimataifa sasa inashauri kundi hili kwa mgonjwa wa kisukari cha aina ya pili mwenye ugonjwa sugu wa figo ambaye uchujaji wake haujashuka chini ya 20, na kwa mwenye moyo ulioshindwa kazi, bila kusubiri sukari ipande. Dozi ya kinga ya empagliflozini au dapagliflozini ni miligramu 10 mara moja kwa siku. Wiki za mwanzo kreatinini huweza kupanda kidogo kwa sababu kichujio kimepumzishwa. Uchujaji ukishuka kwa chini ya asilimia 30 ya ulivyokuwa, na mgonjwa hajapungukiwa maji, dawa haipaswi kusimamishwa.

Dawa zinazoiga homoni ya GLP-1

Utumbo hutoa homoni ya GLP-1 baada ya mlo. Homoni hiyo huihimiza kongosho itoe insulini sukari inapopanda, huchelewesha chakula tumboni na hupunguza njaa. Liraglutaidi huchomwa kila siku, ilhali semaglutaidi na dulaglutaidi huchomwa mara moja kwa wiki. Hushusha sukari kwa nguvu na kupunguza uzito, na zikiwa peke yake ni nadra kuleta sukari ya chini.

Katika jaribio la LEADER la mwaka 2016, lenye watu 9,340, kifo cha moyo, shambulio la moyo au kiharusi vilitokea kwa asilimia 13.0 ya waliopata liraglutaidi na 14.9 ya wasioipata. Kwa upande wa figo, ushahidi ulioelekezwa huko moja kwa moja ulipatikana mwaka 2024 katika jaribio la FLOW. Kati ya wagonjwa 1,767 waliochomwa semaglutaidi ya miligramu 1 kila wiki, 331 walipata tukio kubwa la figo au kifo cha figo au moyo. Kati ya 1,766 wasioipata, walikuwa 410. Hatari ilipungua kwa asilimia 24.

Kichefuchefu na kutapika ndiyo malalamiko makuu, hasa dozi inapopandishwa haraka. Mgonjwa mwenye madhara ya kisukari machoni akaguliwe macho kabla ya kuanza semaglutaidi, kwa kuwa sukari inayoshuka ghafla inaweza kuzidisha madhara hayo kwa muda. Sindano ambazo hazijaanza kutumika huhitaji kuhifadhiwa katika nyuzi joto 2 hadi 8, jambo ambalo ni changamoto pale umeme unapokatika mara kwa mara.

Makundi mengine kwa ufupi

Vizuizi vya DPP-4, kama sitagliptini na linagliptini, ni laini na huvumilika vizuri. Linagliptini haihitaji kupunguzwa dozi figo zinapodhoofika. Lakini kundi hili halikuonyesha kinga ya moyo. Jaribio la TECOS la 2015 lilionyesha kwamba sitagliptini haikudhuru wala haikukinga. Saksagliptini, katika jaribio la mwaka 2013 lenye wagonjwa 16,492, iliongeza kulazwa kwa sababu ya moyo kushindwa kazi, asilimia 3.5 dhidi ya 2.8. Kundi hili halichanganywi na dawa za GLP-1, kwa sababu zote mbili hupitia njia ileile.

Pioglitazoni huhifadhi maji na chumvi mwilini, hivyo haifai kwa mgonjwa anayevimba miguu, anayekosa pumzi akilala chali, au aliyewahi kuambiwa moyo wake umeshindwa kazi.

Insulini ni uhai kwa mwenye kisukari cha aina ya kwanza, na ni ya lazima kwa wengi wa aina ya pili. Jaribio la ORIGIN la mwaka 2012, lenye watu 12,537, lilionyesha kwamba insulini ya glarjini haikuongeza wala kupunguza matukio ya moyo. Figo zinapodhoofika mahitaji ya insulini hupungua, kwa hiyo dozi iliyofaa mwaka jana inaweza kuwa kubwa mno mwaka huu.

Ulinganisho ukiwekwa pamoja

Majaribio yaliyotajwa hayakushindanisha vizuizi vya SGLT2 na dawa za GLP-1 ana kwa ana, na wagonjwa wake hawakufanana. Hata hivyo mwelekeo wa matokeo unatosha kuongoza uamuzi.

Mgonjwa ambaye moyo wake umeshindwa kazi hunufaika zaidi na kizuizi cha SGLT2. Mwenye ugonjwa sugu wa figo, hasa mwenye protini kwenye mkojo, huanza na kizuizi cha SGLT2, na dawa ya GLP-1 huongezwa au hushika nafasi hiyo ikiwa ya kwanza haivumiliki. Aliyewahi kupata kiharusi, au mwenye uzito mkubwa sana na mishipa ya moyo iliyoziba, ana sababu ya kupewa dawa ya GLP-1, kwa kuwa kinga dhidi ya kiharusi imeonekana zaidi katika kundi hilo. Asiye na tatizo lolote kati ya hayo anaweza kuanza na metformini, huku vipimo vya kila mwaka vikiendelea.

Usalama wa vizuizi vya SGLT2

Sukari inayotoka na mkojo hualika fangasi sehemu za siri, kwa wanawake na wanaume. Kunawa kwa maji kila siku na kujikausha husaidia, na fangasi wakitokea hutibiwa bila kulazimika kuacha dawa. Mgonjwa aambiwe jambo hili mapema, maana wengi huona haya na kuacha vidonge kimyakimya.

Hatari iliyo nadra lakini kubwa ni asidi ya ketoni kujikusanya katika damu, ambayo kwa watumiaji wa dawa hizi huweza kutokea hata sukari ikiwa haijapanda sana. Mgonjwa anayetapika, mwenye maumivu ya tumbo na anayehema kwa nguvu apimwe ketoni, hata kipimo cha sukari kikisoma 10. Kwa sababu hiyo dawa hizi hazitumiki kwa kawaida katika kisukari cha aina ya kwanza wala wakati wa ujauzito, na husimamishwa angalau siku tatu kabla ya upasuaji uliopangwa.

Kanuni ya siku za kuugua ni hii: mgonjwa anayetapika, anayeharisha, au asiyeweza kula na kunywa asimamishe kwa muda kizuizi cha SGLT2 na metformini, awasiliane na kituo kuhusu dawa zake za shinikizo la damu, na arejee kwenye dozi anapokula na kunywa vizuri tena. Insulini haiachwi kiholela. Kwa wanaofunga Ramadhani, mazungumzo na daktari yafanyike wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama. Dawa hizi zisianzishwe siku chache kabla ya kufunga, na anayeruhusiwa kuendelea nazo azimeze wakati wa kufuturu na anywe maji ya kutosha usiku.

Pale ambapo dawa mpya hazipatikani

Shirika la Afya Duniani liliingiza vizuizi vya SGLT2 katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2021, na dawa za GLP-1 mwaka 2025. Orodha haijazi kabati la duka la dawa, wala haimlipii mgonjwa. Kwa familia inayochagua kati ya kasha la vidonge na ada ya shule, kuambiwa tu kwamba kuna dawa bora ni kuongezewa mzigo.

Hata hivyo kinga haianzi na dawa mpya. Kizuizi cha ACE kama enalaprili, au losatani na jamii yake, hushusha shinikizo ndani ya kichujio kwa kulegeza mshipa unaotoa damu. Katika jaribio la RENAAL la mwaka 2001, kwa wagonjwa 1,513 wenye kisukari cha aina ya pili na ugonjwa wa figo, losatani ilipunguza kwa asilimia 28 hatari ya kufikia hatua ya mwisho ya ugonjwa wa figo. Dawa hizi ni nafuu na zimeenea. Kosa linalojirudia ni kuziacha katika dozi ndogo bila kuzipandisha, au kuchanganya makundi hayo mawili kwa pamoja, jambo ambalo huongeza hatari ya potasiamu kupanda na figo kudhurika. Statini hupunguza shambulio la moyo na kiharusi. Kupunguza chumvi, kuacha tumbaku na kudhibiti shinikizo la damu ni sehemu ya tiba kamili.

Vilevile kuna mambo ya kuondoa. Diklofenaki na ibuprofeni zinazonunuliwa kwa maumivu ya mgongo au magoti huweza kumwangusha haraka mtu ambaye figo zake zimekwisha dhoofika. Kubadili glibenklamidi kwa gliklazidi hakuhitaji dawa mpya, kunahitaji uangalifu. Na pale fedha inapotosha kwa dawa moja tu ya ziada, mwenye protini kwenye mkojo au moyo ulioshindwa kazi ndiye wa kwanza kufikiriwa kwa kizuizi cha SGLT2, kwa maana ndiye atakayenufaika zaidi kwa kila shilingi.

Kurudi kwa mama wa alfajiri ile

Baada ya kupewa glukosi alilazwa na sukari yake ikafuatiliwa. Glibenklamidi iliondolewa moja kwa moja. Metformini nayo ilisimamishwa, kwa kuwa uchujaji wa 26 uko chini ya mpaka wake. Mkojo ulionyesha albumini nyingi. Potasiamu ilikuwa ya kawaida, hivyo losatani ilianzishwa na kupandishwa kwa hatua, huku potasiamu na kreatinini zikirudiwa kupimwa. Hali ilipotulia aliongezewa dapagliflozini ya miligramu 10 na statini, na kwa ajili ya sukari yenyewe akapewa linagliptini. Aliambiwa asinunue tena vidonge vya maumivu bila ushauri.

Miezi mitatu baadaye sukari yake ya asubuhi ilikuwa 8. Kwa macho ya zamani, hali ilionekana mbaya kuliko ile siku ya furaha nyumbani iliposoma 5. Muuguzi alilazimika kumweleza, taratibu na zaidi ya mara moja, kwamba 8 ya sasa, pamoja na albumini inayopungua na kreatinini iliyotulia, ni salama kuliko 5 ya wakati ule. Maelezo hayo yalichukua dakika kumi. Bila hayo mama angeweza kurudi kwenye vidonge vyake vya zamani, ambavyo bado vilikuwamo kabatini.

Mgonjwa anayesoma haya na aende kliniki na maswali manne: figo zangu zinachuja kiasi gani? Je, mkojo wangu una albumini? Katika dawa ninazomeza, ipi inalinda figo na moyo? Na nikiugua nisiweze kula, ipi niisimamishe? Asibadili dawa yoyote kabla ya kupata majibu. Mtoa huduma naye, kila anapoona sukari ya mgonjwa wa miaka mingi ikishuka yenyewe bila sababu, asiandike "anaendelea vizuri" kabla ya kupima kreatinini.